Panya Kwenye Tarumbeta la Pili

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeshindwa na mbu. Si mbu wa kuuma, mbu wa simu.

Binti yangu muuguzi kaniletea simu ya kupapasa, na ndani yake kaniwekea wimbo wetu. Wimbo pekee ambao bendi yetu iliwahi kurekodi! Tangu siku ya studio imepita miaka arobaini na moja. Santuri yangu ilikaliwa na mama mkwe zamani sana, na marehemu hakuwa mwepesi. Kumbe kuna mtu huko duniani alibaki na nakala yake, kaitia mtandaoni.

Nikafungua sanduku, nikatoa hedfoni zangu. Kubwa kama mabakuli mawili. Nilizipata studio siku ile ile. Nilizipata – neno zuri hilo. Zilikuwa mezani, hazina mtu, nikazipata. Pini yake nene kama kidole, lakini binti kaniletea na kipande cha waya cha kuipunguza. Nikachomeka. Nikapiga.

Mbu! Bendi nzima ya watu kumi na mmoja imegeuka mbu kwenye chupa. Nikaongeza sauti mpaka mwisho: mbu wawili.

Mke wangu akasema labda ni masikio. Nikamwambia masikio yangu yanamsikia yeye kupitia kuta mbili, hayana ubovu wowote.

Jumanne, 4 Machi

Kwa fundi simu. Ni binti mdogo, bisibisi sikioni kama seremala. Kazigeuza hedfoni, kazinusa kabisa.

"Mzee, hizi umezitoa wapi? Hizi ni za studio."

"Nimerithi."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu ambaye hakujua."

Akacheka mpaka bisibisi ikaanguka. Kisha akanifundisha. Hedfoni za aina hii zinataka nguvu, na simu haina. Simu imezoea kulisha vile vidude vya kupachika sikioni. Ni kama kumfunga punda mmoja kwenye mkokoteni wa ng'ombe wanne. Dawa yake ni amplifaya. Nilidhani ataniletea lile dubwana la jukwaani la kubebwa na wanaume wawili. Katoa kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni! Kina betri yake. Waya mmoja unakwenda kwenye simu, hedfoni zinaingia upande wa pili, kinundu cha sauti juu. Ubavuni kuna swichi ndogo ya hatua mbili, ya chini na ya juu.

"Anzia chini, mzee. Ukianzia juu usije kunilaumu."

Nyumbani nimekata mpira wa baiskeli, nimefunga amplifaya mgongoni mwa simu visiachane. Mke wangu kaangalia, kauliza, "Hiyo simu ina mimba ya nani?"

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbili sijala kwa raha, nakula na hedfoni kichwani. Sikujua! Nilikuwa ndani ya wimbo ule na sikujua kilichomo. Namsikia mwimbaji akimeza mate. Namsikia mpiga ngoma akipigapiga kiatu chini, kiatu chenyewe kimeachia soli. Mkubwa wa bendi anahesabu kwa kunong'ona, moja, mbili – na hesabu yake mbovu vile vile kama alipokuwa hai.

Na lile kosa liko pale pale. Dakika ya tatu bendi nzima inanyamaza. Kimya cha pigo moja, ndipo matarumbeta mawili yaingie pamoja. Lakini tarumbeta moja limeingia kabla. Paa! Peke yake, kama mtu aliyefungua mlango wa choo kikiwa na mwenyewe.

Nikabeba kila kitu nikaenda kwa shemeji kumringishia. Shemeji, kaka wa mke wangu, ndiye kinyozi wa mtaa. Zamani alikuwa tarumbeta la kwanza, mimi la pili, tunatumia maikrofoni moja. Siku ile muda wa studio ulikuwa umekwisha, hakuna kurudia. Mkubwa akauliza nani kaingia. Mimi nikasema "Si mimi!" kabla hajamaliza kuuliza. Shemeji akatazama tarumbeta lake, akasema, "Labda ni mimi." Labda! Akafukuzwa bendi siku hiyo hiyo. Akauza tarumbeta, akanunua mkasi. Mimi nilipiga miaka sita zaidi, mpaka bendi ikafa yenyewe.

Jina la Mapema nilimpa mimi. Bwana Mapema. Likamganda, sasa liko hata kwenye kibao cha duka: MAPEMA KINYOZI. Wateja wanadhani ni kwa sababu ya kufungua alfajiri. Anafungua saa nne.

Leo nikamwambia mbele ya wateja, "Shemeji, kosa lako sasa linasikika mpaka vidole!" Watu wakacheka. Na yeye akacheka, huku anafuta wembe. Halafu akasema polepole, "Niletee siku moja nilisikie. Sijausikia wimbo ule tangu siku ile. Nataka nilisikie kosa langu kabla sijafa."

Amplifaya ilikuwa imekwisha chaji. Nikamwambia siku nyingine.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nimesukuma swichi juu. Fundi alisema nianzie chini, hakusema nibaki chini.

Dakika ya tatu. Kimya. Ndani ya kile kimya, kabla ya paa – kwi.

Nimerudia. Kwi. Paa.

Nimerudia mara tisa.

Sitaki kuandika leo.

Jumapili, 9 Machi

Haya, niandike. Daftari halina mdomo.

Kitufe cha pili cha tarumbeta langu kilikuwa kinalia. Kila nikikibonyeza, kwi. Nilikipaka mafuta ya nazi, ya cherehani, ya nywele za dada yangu, wapi! Bendi nzima walikiita panya. Shemeji ndiye aliyekipa jina. "Mlishe panya wako," alikuwa ananiambia kila kabla ya onyesho. Tarumbeta lake yeye lilikuwa kimya kama maji mtungini.

Nimejitetea siku mbili. Labda ni kiti. Hatukukalia viti. Labda ni mlango. Mlango wa studio ulikuwa na sifongo. Labda ni kiatu cha mpiga ngoma. Kiatu kinasema pwata, hakisemi kwi.

Leo mke wangu alipokuwa uani, nimetoa tarumbeta sandukuni. Nikabonyeza kitufe cha pili. Taratibu, kwa heshima.

Kwi.

Miaka arobaini na moja, na panya hajafa! Na mke wangu kutoka uani: "Baba watoto, panya huyo bado yupo?"

Nikamwambia ni mlango wa kabati.

Kwa hiyo ni mimi. Sikusema uongo siku ile, nilikuwa na hakika. Hakika ya mtu anayejibu haraka. Wenye makosa yao husema "labda". Hapana, kinyume chake! Nimechanganyikiwa. Mimi niliishia darasa la nne, na lenyewe sikulimaliza, lilinimaliza.

Za mwizi arobaini. Mimi nimeongezewa mwaka mmoja wa bure.

Jumanne, 11 Machi

Jambo moja fundi hakuniambia. Simu ikitaka kulia, amplifaya inajua kabla yake. Unasikia kwenye masikio dududu, dududu, kisha ndipo mlio. Leo dududu, nikajua tu. Shemeji.

"Shemeji, umeniahidi."

Nikasema waya umekatika.

"Leta niuone, mimi natengeneza mashine za kunyolea."

Nikasema si waya, ni betri. Akasema betri inachajiwa. Nikasema chaja aliichukua binti. Njia ya mwongo fupi, na yangu haina hata kona ya kujificha. Mwisho nikasema nina mafua ya masikio. Kuna ugonjwa huo? Kama haukuwapo, sasa upo.

Sijaenda kunyoa tangu wiki iliyopita. Nilizoea kwenda kila Jumatatu, kwa ndevu na kwa uchokozi. Mke wangu anasema nafanana na fagio lililoachwa mvuani.

Nimewaza njia. Ya kwanza, nifute wimbo kwenye simu. Lakini uko mtandaoni, binti atauleta tena kwa dakika moja. Ya pili, nimpe asikilize swichi ikiwa chini. Chini panya hasikiki. Atasikia paa, atatikisa kichwa, atasema kweli nilikosea, tutakunywa chai, na jina la Mapema litabaki ukutani. Hakuna atakayejua. Njia nzuri, safi.

Mbona inanuka?

Alhamisi, 13 Machi

Shemeji kaja mwenyewe! Kafunga duka saa sita mchana, kitu ambacho hakufanya hata alipozaliwa mwanawe. Nilimwona dirishani, nikaruka kitandani, hedfoni kichwani, nikakoroma. Mtu wa miaka yangu kuruka vile, mgongo bado unanidai maelezo.

Hedfoni hazikuwa zinapiga kitu. Nikasikia kila neno. Mke wangu akamwambia nimelala. Shemeji akasema amwache, asimwamshe. Akakaa ukingoni mwa kitanda, karibu na miguu yangu. Wakazungumza ya watoto, ya goti lake. Halafu dada mtu akamuuliza, hivi kaka, unausaka wimbo huo wa nini, si jambo la kale?

Shemeji akasema yeye hakumbuki kuingia. Siku zote hakumbuki. Midomo yake anaikumbuka ikiwa imefumba. Lakini rafiki yake aliapa si yeye, na walikuwa wawili tu. Sasa angemwita rafiki yake mwongo? Akaona afadhali aichukue. Baadaye alianza kuogopa mdomo wake mwenyewe – kama unaweza kupiga bila yeye kujua, utafanya nini siku nyingine? Ndiyo maana hakupiga tena.

Nilisahau kukoroma.

"Mbona kanyamaza?" shemeji akauliza.

"Anakaribia kuamka," mke wangu akajibu. "Au anakaribia kufa. Kwake sauti ni moja."

Akaondoka. Mke wangu akanivua hedfoni taratibu, akanitazama machoni. Macho yangu yalikuwa wazi, sikupata muda wa kuyafumba tena. Kasema tu Jumamosi jioni tunapigwa picha, miaka arobaini ya ndoa, mpiga picha keshaambiwa, na yeye hapigwi picha na fagio. Niende kwa kaka yake nikanyolewe. "Na usisahau hiyo sabuni yako ya umeme."

Jumamosi, 15 Machi

Naandika hapa hapa kwenye kiti cha kinyozi. Daftari juu ya goti, chini ya shuka lake, penseli ya kichwa kifupi. Mwandiko unisamehe.

Nilifika mapema, yaani saa nne na nusu. Hakuna mteja mwingine. Nilijua nitamwambia akishamaliza kuninyoa. Mwanamume mwenye akili hamwambii kinyozi jambo kama hili wembe ukiwa shingoni! Kanipaka povu, kanyoa shavu la kulia, akasimama. Anatazama simu pale mezani.

"Ndiyo hiyo?"

"Malizia kwanza, shemeji."

"Ndevu haziendi popote."

Akavaa hedfoni. Zimemkaa vizuri kuliko mimi. Kazipapasa, kasema, "Hizi si zile za studio? Nasikia mwenye studio alizitafuta wiki nzima!" Nikasema ndizo. Akacheka, akaniita mwizi. Siri moja imetoka, imebaki moja.

Nimeweka alama ya ndege kwenye simu, kama fundi alivyonifundisha jana, ili zile dududu zisiingie. Sasa hakuna wa kupiga simu kuniokoa. Nimejifungia mwenyewe.

Swichi ilikuwa chini. Nilikuja nayo chini kutoka nyumbani.

Wimbo umeanza. Nauona usoni kwake. Kamsikia mwimbaji anameza mate, kaniangalia kama mtoto aliyeonyeshwa kiini macho. "Anameza!" anapiga kelele, hajijui sauti yake ilivyo kubwa. Mpita njia kachungulia. Sasa anatikisa bega. Dakika ya kwanza. Kiatu! Kakisikia kiatu, anacheka machozi. "Kile kiatu! Kile kiatu!"

Dakika ya pili.

Wembe bado ameushika mkono wa kulia. Vidole vyake vitatu juu ya mpini – vinabonyeza. Moja na tatu. Mbili. Moja na mbili. Havijasahau hata noti. Miaka yote hiyo nikimtazama ananyoa watu, sikuwahi kuviangalia vidole.

Nimetoa mkono chini ya shuka. Nimesukuma swichi juu.

Kashtuka kidogo kwa ukubwa wa sauti. Akafumba macho. Vidole vinaendelea. Kimya kinakuja, nakijua kwa hesabu, moja, mbili –

Vidole vimesimama. Vyote vitatu, juu, hewani. Havikubonyeza.

Amefumbua macho. Hanitazami. Anatazama kioo, na kwenye kioo nipo mimi, nusu nimenyolewa, nusu nina povu.

"Rudia hapo," anasema. Sauti ndogo sasa.

Nimerudia.

"Rudia tena."

Povu linaanza kukauka. Nimerudia. Mara hii, kabla ya paa, amesogeza midomo bila kutoa sauti. Nimeusoma mdomo wake kwenye kioo.

Panya.

Kavua hedfoni, kaziweka shingoni. Wembe anaupiga kwenye ngozi ya kunolea, kwenda, kurudi, kwenda, kurudi, wala haukuwa butu. Sasa anakuja upande wa kushoto.

"Shemeji," anasema, "inua kidevu."

Naweka penseli chini. Nakiinua.