Mshono wa Kidoti

Makole, Alhamisi jioni, Juni 1993

Kidoti amekunywa maji mwenyewe! Siku nne kuku wangu huyu alikuwa hali wala hanywi, gole lake, kile kifuko cha chakula shingoni, limejaa na kuwa gumu kama jiwe. Jirani yetu, mama Yusta, alishasema, "Mchinjeni kabla hajafa."

Juzi mume wangu alichemsha wembe, sindano na uzi wa hariri. "Mshike miguu, mama Neema. Usitetemeke." Akalipasua gole, akatoa bonge la nyuzi za nailoni, akashona gole kwanza, kisha ngozi. Mimi nilifumba macho. Mkono wake haukutikisika hata kidogo.

Huyu ndiye fundi ambaye tangu mitumba ijae sokoni hapati nguo ya kushona, na mimi nimekuwa nikimnunia kwa sababu anashinda nyumbani.

Bado naogopa kidonda kisije kikaoza. Lakini leo mama Yusta aliinama, akamtazama Kidoti kwa muda mrefu. "Shemeji, mbona hata mshono hauonekani?"

Mume wangu akacheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka.

Miaka kumi na miwili navaa nguo anazonishonea, na sikuwahi kumwambia kwamba ni hodari. Leo nimemwambia, mbele ya jirani.