Mot de passe ya Katembo

Solange, acha kazi kwanza, usome. Marie-Jeanne ametoka sasa hivi kwa Katembo, ule mwenye kutengenezaka batelefone karibu na soko. Roho imemuchafuka kabisa.

Alienda tu kuuliza namna ya kubadilisha foto kwa Facebook. Batu bamejaa mule. Katembo, bila hata kuinua kichwa, anamuambia: "Mama, bwana yako akipita Mbau jeudi, aniletee ndizi."

Jeudi. Na kwa ile barabara ya Mbau yenye banauwa batu, hakuna mutu anasemaka siku ya safari, hata kwa mama yake. Stanislas aliandikia bibi yake tu, kwa Messenger.

"Ulijua namna gani?"

"Si mimi nilikufungulia compte ya Facebook, mama? Mot de passe, ile neno ya siri ya kuingilia, ni ya boutique. Naangaliaka tu kama inatembea muzuri."

Anaangaliaka. Miezi tano anasoma maneno ya bibi na bwana, anatafuna karanga.

Ya boutique, Solange. Moja tu, ya baclient bote. Marie-Jeanne akageuka: batu bote kwa mustari banatazama chini, kila mutu anakumbuka vyenye aliandika.

Stanislas hapana kupita tena jeudi. Na weye, compte yako ni Katembo aliifungua, mimi nilikusindikiza. Futa ile mambo yenye munaandikianaka na Aruna, mbio.