Picha ya Moyo na Matumbo ya Mbuzi

Kwa dada yangu Kendi,

Habari za hapo Nkubu? Huku Oldonyiro ni jua na vumbi tupu, lakini mimi ni mzima, na leo nimekula nyama mpaka nikaona haya.

Ekiru, Mturkana tunayechanja mifugo naye, alichinja mbuzi kunikaribisha. Kabla ya kuchoma chochote alitandaza matumbo juu ya majani, akayasoma kutafuta hatari iliyo mbele, kama wanavyofanya kwao. Akaniuliza kama sisi kwetu Nkubu tunaamini mambo hayo. Nikafungua shati, nikamwonyesha kile kifaa kilichotuna chini ya ngozi.

Nikamweleza jinsi misuli ya moyo wangu ilivyovimba, nikalazwa hospitalini, nikapata nafuu, nikataka kwenda nyumbani. Wewe ukakataa tuondoke kabla sijapigwa picha ya moyo kwenye ile mashine kubwa. Picha ikaonyesha kovu. Daktari akasema kovu la namna hiyo linaweza kuufanya moyo upige ovyo hadi usimame, akaniwekea kifaa cha kuushtua kwa umeme. Na siku ile nilipoanguka shambani, kiliushtua kweli, nikaamka.

Ekiru aligeuza utumbo kwa kijiti, akafikiria.

"Mbuzi sisi tunamsoma akiwa ameshakufa," akasema. "Wewe walikusoma ukiwa bado unapumua."

Kisha akanikatia ini.

Asante kwa ubishi wako, dada. Mungu akutunze, na magoti yasikusumbue.

Ndugu yako ambaye bado anapumua,
Mutuma