Safari ya Mama Kwenda Korongo la Aose

Kamitsuka,
24 Oktoba

Dada yangu Shigeno,

Habari za Hakodate, na baridi ya huko imeshaanza kuuma? Huku kwetu ukungu unashuka kila asubuhi mpaka kwenye paa la ghala, lakini ikifika saa nne jua limeuondoa wote. Natumaini goti lako limepata nafuu, na shemeji Wataru bado anaenda kuvua ngisi Jumapili na kurudi mikono mitupu. Sisi hatujambo. Wifi yako Sawae anakusalimu, na anaomba radhi kwamba kachumbari ya figili aliyokutumia mwaka jana ilizidi chumvi. Mama naye hajambo, tena hajambo kupita kiasi, na hilo ndilo lililonikalisha hapa kukuandikia.

Najua umeshatujibu mara mbili kwa kadi, mistari miwili miwili, kwamba una shughuli na hutaweza kuja. Kadi zote mbili nimezisoma, na Mama kazisoma, na ziko pale chini ya simu. Lakini Mama anataka uwe naye mashuani tarehe tisa Novemba, kwa hiyo nakuomba mara ya tatu. Tafadhali usiikunje barua hii kabla hujafika mwisho. Nikiwa na jambo gumu huwa nalizunguka kwanza, wewe unanijua tangu nikiwa natokwa na kamasi.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akimwahidi Mama kila vuli kwamba mwaka huu, kwa vyovyote vile, atampeleka Aose akaone majani yakigeuka rangi. Miaka hamsini na miwili ya ahadi! Na kila mwaka majani ya korongo yaliiva wiki ile ile matunda yetu ya kaki yalipoiva. Nani angemenya? Nani angeyafunga kwenye kamba na kuyatundika barazani yakauke? Ukichelewa siku nne tu tunda limeshalainika, halimenyeki tena. Ndiyo maana sisi watu wa kaki tunakaa mwendo wa saa mbili kutoka korongo linalosifiwa mkoa mzima, na tunalijua kwa picha ya kalenda.

Basi mwezi wa tisa, tukiwa tunakunywa supu asubuhi, Mama akaweka bakuli chini akatangaza kwamba mwaka huu kaki zimenywe na nyani wakipenda, yeye anakwenda Aose. Sawae akacheka. Halafu akamwona uso, akaacha kucheka akaenda kuongeza wali.

Ungemwona, Dada! Miaka themanini na saba, na anaipanga safari hii kama jemadari anayepeleka jeshi vitani. Alinituma dukani nikamnunulie daftari la shule, akatengeneza kijitabu cha ratiba kama vile tulivyokuwa tukitengeneza darasa la nne. Jaladani kachora mashua na watu watatu ndani yake. Saa mbili na dakika kumi, kuondoka. Saa tatu, choo. Saa tatu na nusu, choo tena, na pembeni kaandika kwamba hicho ni kwa ajili ya Kiyohiko. Nilipolalamika akaniambia kibofu changu anakijua kunizidi, yeye ndiye aliyekuwa akifua nepi. Ukurasa wa tatu ni wa sheria. Hakuna kuzungumzia mavuno mashuani. Atakayetazama simu atashushwa kwenye jiwe la kwanza. Matonge ya wali yatakuwa ya plamu ya chumvi tu, na asiyependa ale maji ya mto.

Tena anafanya mazoezi. Kwenye mashua ile watu huvua viatu wakakaa sakafuni kwa saa moja na nusu, kwa hiyo kila alasiri Mama anakaa kwenye mbao za baraza, miguu ameikunja, saa ya jikoni iko mbele yake. Bi Harue wa nyumba ya pili akija kupiga soga anaambiwa arudi baadaye, Mama yuko mtoni. Mara ya kwanza alidumu dakika ishirini, akainuka akitukana miguu yake mmoja baada ya mwingine. Sasa anamaliza dakika zote tisini. Nimekaa na mama huyu miaka sitini na moja na bado ananishangaza.

Kisha akanituma mimi nikakague. Si unajua kwetu mtu hampeleki mzazi mahali ambapo hajapakanyaga mwenyewe. Nilikwenda tarehe kumi na mbili, nikiwa na orodha yake: ngazi ni ngapi, chuma cha kushikilia kiko mkono gani, choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa. Akanikataza kabisa kupanda mashua. Alisema hawezi kungoja miaka sitini na mitatu halafu mimi nimtangulie.

Ngazi ni thelathini na moja. Nilihesabu nikishuka, nikafika chini, nikainua macho, na hapo orodha ikanitoka kichwani. Dada, kalenda imetudanganya! Maji ni ya kijani, tena maangavu hivi kwamba unaona samaki, na chini yake kwenye kokoto unaona kivuli chake. Majabali yamesimama pande zote mbili mpaka shingo inauma kuyatazama, na misonobari imeota kwenye nyufa zake, mahali ambapo hakuna hata konzi ya udongo. Juu kabisa majani machache yalikuwa yameshaanza wekundu. Hapana kelele yoyote, ila upondo wa mwendesha mashua ukigusa mawe. Naye ni mzee wa miaka sabini na sita anayeitwa Isomura, mwembamba, na anaisukuma mashua ya watu ishirini utadhani ni sahani ya chai. Alipofika pale majabali yanapokaribiana akaanza kuimba. Sauti ikaenda ikagonga ng'ambo ikarudi, naye akaingoja imalize ndipo akaendelea na ubeti wa pili. Nilisimama ufukweni na kalamu mkononi, machozi yananitiririka, mtu mzima na kofia yangu.

Alipotia nanga nikamuuliza majani yatakuwa mazuri zaidi lini. Akatazama vidole vyangu vilivyoingia weusi wa utomvu, akacheka, akasema maajabu haya, mtu wa kaki kafika Aose, huko kwenu mmefukuzwa? Nikamweleza habari za Mama. Akaacha kucheka. Akasema tumlete tarehe tisa, na kama majani yatakuwa hayajawa tayari atayagombeza yeye mwenyewe.

Nilirudi nikatoa ripoti yangu yote, Mama akaandika. Alipomaliza akauliza kama umejibu. Nikampa kadi yako ya pili. Akaisoma, akavua miwani, akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, sisi tulimkosea nini Shigeno.

Hapo ndipo nilipofika mwisho wa kuzunguka, na wewe sasa umefika nami.

Miaka kumi na moja iliyopita, mwezi wa pili, Baba alipokuwa amelazwa, Jumatatu alisema usiambiwe. Nozomi wako alikuwa na mtihani wa kuingia chuo kikuu siku ya Ijumaa, na wote tulikubali, kwa sababu nani kati yetu hupiga simu ya habari mbaya kwenye nyumba yenye mtihani? Hayo ulielezwa. Ambalo hukuelezwa ni kwamba Jumatano mchana Baba alibadili kauli. Akiwa na akili zake timamu aliniambia nikuite, anataka kukuona. Nilitoka nje ya chumba, nikatafuta namba yako, nikamfikiria yule binti na mwaka mzima aliosoma, nikasema moyoni zimebaki siku mbili tu, Baba atazifikisha. Nikarudisha simu mfukoni. Nikaingia nikamwambia umeshapanda treni.

Alifurahi sana, Dada. Akawa kila akifumbua macho ananiuliza umefika wapi. Nami nikawa namtajia vituo. Nikamwambia Aomori. Baadaye nikamwambia Morioka. Nikamwambia Sendai, na kwamba theluji imezuia treni hapo. Alhamisi asubuhi akafariki, na mimi nilikuwa bado nimekuacha Sendai.

Hata hapo sikukupigia. Nilingoja Ijumaa jioni, mtihani uishe. Ukafika Jumamosi alasiri, koti limelowa theluji, mwili wa Baba umeshachomwa, tumeshaiokota mifupa yake kwa vijiti na chungu kimeshafunikwa. Ba'mdogo Genkichi akauliza mbele ya watu wote kwamba uliitwa lini, nami nikajibu Jumatano. Maneno aliyokutamkia hapo, juu ya binti anayeweka mtihani mbele ya baba yake, sitayarudia. Wewe ulinitazama. Ulijua kwamba simu yako haikulia Jumatano. Ungesema neno moja tu ningekwisha, mimi mrithi wa nyumba, mbele ya ukoo mzima. Badala yake uliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, ukaomba radhi kwa kuchelewa. Nimekuheshimu kwa jambo lile kuliko ninavyomheshimu mtu yeyote aliye hai, na kwa sababu hiyo hiyo nimeogopa kukutazama usoni miaka kumi na moja.

Mama alikuwamo chumbani ile Jumatano. Alinisikia nikitaja vituo. Kwa hiyo miaka yote hii ameamini kwamba uliitwa ukajivuta, na hakukulaumu hata siku moja.

Jumapili iliyopita nilimpigia magoti barazani nikamwambia kila kitu. Alikuwa kwenye mazoezi yake. Hakugeuka. Dakika zake zilikuwa hazijaisha, akakaa mpaka zikaisha zote, na mimi nimepiga magoti pale. Kisha akasema niende kwa miguu kwenye kila nyumba iliyokuwa na mtu siku ile, nikaseme kama nilivyomwambia yeye, na nisiguse kalamu ya kukuandikia kabla sijamaliza. Nyumba ni saba. Nilianza kwa Ba'mdogo Genkichi. Siku hizi masikio yake hayasikii vizuri, ikabidi niseme mara tatu, na mara ya tatu nilipaza sauti mpaka majirani wakatoka. Aliposikia alijifunika uso kwa kofia. Akasema ukija atakuinamia kama ulivyoinama wewe, na kama magoti yake yatagoma kuinuka basi tumwache hapo hapo sakafuni. Jana nimemaliza nyumba ya saba, na leo nimeshika kalamu.

Mwambie Nozomi mtihani wake haukuwa na kosa lolote. Kama amekaa miaka yote hii akidhani ulikuwa nalo, hilo nalo ni deni langu, nitamwomba radhi mwenyewe akiniruhusu.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba mashua tu. Mama ameshachukua nafasi tatu, na kama huwezi kukaa na mimi, ya tatu atakaa Sawae. Mimi nitamshusha Mama zile ngazi mpaka ulipo, nitauweka mkono wake mkononi mwako, na kuzunguka na gari kwa barabara ya juu kwenda kuwangoja chini. Utakuwa na Aose yote wewe na yeye.

Jambo moja tu nakusihi. Siku ukipanda treni, nipigie simu. Ukifika Aomori nipigie, ukifika Morioka, ukifika Sendai. Huna haja ya kuzungumza nami, taja jina la kituo ukate. Nitakuwa nimekaa kando ya Mama, na kila akiuliza umefika wapi, nataka nimwambie ukweli.

Msalimie sana shemeji, na Nozomi, na watoto wake ambao sijawaona. Sawae anasema nyumba hii bado ina godoro lako, kalianika juani leo. Jihadhari na baridi, na ulifunge goti lako vizuri.

Mdogo wako,
Kiyohiko