Mkono Chini ya Meza

Jumanne, Tororo

Maswali ya mazoezi ya mtandaoni yamenidanganya kabisa! Wiki nzima simu inaniambia: mama akivuja damu baada ya kujifungua, mwite daktari. Leo mtihani wa leseni ya uuguzi unasema: "Uko peke yako, daktari hayupo." Nani aliwaambia habari za zamu zetu kule zahanati ya Lumino?

Msimamizi akanijia mbio. "Wewe! Mkono chini ya meza unafanya nini?"

Nikautazama. Ulikuwa unazunguka hewani, wenyewe.

"Nasugua tumbo la mama, mwalimu, damu ikate."

Nilijua atanitoa nje. Akainama, akaninong'oneza, "Basi usimwache, sista."

Sijui kama nimefaulu. Ila mkono huu naushangaa mpaka sasa. Ulijua jibu kabla yangu.