Kiti Chako Kimebaki Butembo

Butembo, siku ya Mutakatifu Ana,
26 Julai 1965

Mupendwa ndugu yangu mudogo Adèle,

Yesu Kristu asifiwe. Ninakusalimu kwanza, na ninauliza habari ya muguu wako. Je, kidonda kimefunga? Masista wa hapo Mambasa bado wana dawa? Unakula, unalala? Sisi tungali na uzima, ila baridi inatuuma, na Virginie bibi yangu anakohoa kidogo. Viazi vya Masereka vimezaa vizuri. Ukirudi tutakupikia mpaka ukatae.

Adèle, kaa chini kabla ya kusoma mbele. Kama kuna sista karibu, mwambie akae nawe.

Mathe, bwana yako, haji.

Unajua tulivyopanga. Malori hayapiti kwa sababu waasi walivunja madaraja, na wewe huwezi kutembea. Pikipiki ndiyo inaweza kuvuka juu ya miti ao ndani ya mutumbwi. Mimi macho yangu yamechoka. Kwa mwendo wa haraka sioni shimo mpaka niko ndani yake. Basi Mathe akaja kulia mbele yangu: "Yaya Muyisa, mukubwa wangu, unipatie pikipiki yako, unifundishe, niende kukamata bibi yangu, nimurudishe nyumbani." Akashika rozari yangu, akaapa. Nani angemukatalia?

Hakuwa amegusa pikipiki hata siku moja. Nilimufundisha namna nilivyofundishwa mimi katika milima hii: moteur imezimwa, magunia ya viazi pande mbili, ashuke kilima cha misioni kwa kubana frein, breki, peke yake, ajue uzito kabla ya kujua mwendo. Alianguka, akaanguka tena. Mama za soko walitua vikapu ili wacheke vizuri.

"Yo, Mathe! Unabeba biazi ao biazi binakubeba?"

Naye kalala ndani ya matope, anajibu: "Bamama, mucheke leo! Siku nitarudia na Adèle, mutanipigia vigelegele!"

Nilicheka pamoja nao. Siku ile nilimupenda kama ndugu wa tumbo moja.

Nilimuonyesha kila kitu: kukaza cheni, kusafisha bujia inayowasha moteur, kuziba mupira wa ndani, kufungua na kufunga kila boulon kwa ufunguo wake. Nikashona kiti chako kwa mukono wangu, kitambaa chekundu, ndani pamba, na pembeni kibao cha kulaza muguu. Nikakifunga nyuma ya kiti chake.

Asubuhi ya kuondoka tulisali mbele ya mulango. Nyuma yote ya pikipiki alikuwa amekwisha kuifunika na turubai, nikasema vizuri, mvua iko karibu. Alipofika kwenye kona ya mikaratusi, upepo ukainua turubai. Virginie akaona bido za esansi tu, mafuta ya pikipiki, kiti hakiko. Akafungua kinywa amwite. Nikamushika mukono.

"Nyamaza. Kwetu mutu wa safari haitwi kwa nyuma, unamuitia mukosi."

"Mais Edmond, Adèle atamukalisha wapi?"

Nikasema pengine amekiweka ndani ya mizigo. Nilichunga desturi ya wazee, na yeye akaenda zake.

Kiti tulikikuta ndani ya nyumba ya mbuzi, chini ya majani. Boulon zake zilifungwa vizuri ndani ya kitambaa, vile nilivyomufundisha ili isipotee hata moja.

Hata hapo nilimutetea. Nikasema ameona mizigo ni mingi, atakufunga na blanketi. Halafu Ananie, yule dereva wa lori wa Kayna, akatoka Beni. Mathe yuko palepale Beni, hakupita mbele. Anabeba wakubwa wa askari, anawapeleka kunywa, na analala kwa mwanamuke mumoja karibu na kambi. Ananie alimwita mbele ya kambi: "Mathe! Njia ya Mambasa haipite hapa, hein!" Jibu lake siliandiki. Nimelimeza mimi, inatosha.

Pikipiki siililii, Adèle. Ninalilia kile kilima. Alikuwa anaamuka ndani ya matope kwa ajili ya jina lako, mbele ya macho yangu. Ilikuwa uongo tangu siku ile, ao uongo ulimuingia baadaye? Ninamuuliza Mungu. Tukisali Baba Yetu, nikifika pa kusamehe ninaishia hapo, Virginie anamaliza peke yake.

Donc, basi, sikia shauri tulilokata. Kiti nimekifunga nyuma ya baiskeli yangu, kwa boulon zilezile. Ananie atanifikisha mpaka daraja la kwanza lililovunjika, kutoka pale nitasukuma. Kwa mwendo wa miguu macho yangu yanatosha. Kwa kurudi wewe utakaa, mimi nitasukuma.

Virginie anakusalimu sana, na Katungu wa jirani pia. Mama yetu Monique anakusalimu. Yeye hatujamwambia, anafikiri Mathe amekwama kwa matope. Wasalimie masista. Bikira Maria akufunike na nguo yake mpaka nifike.

Tulikutumia habari kwamba ukisikia moteur utoke mpaka barabarani. Usitoke tena kwa moteur, ndugu yangu, usiteseshe muguu wako bure. Kaa ndani, usikilize kengele ya baiskeli.

Ni mimi nikupendaye, nisiyegeuka njiani,
yaya wako,
Edmond Muyisa