Neno Nililolielewa Bila Mkalimani

Alhamisi, Houston. Mvua imenyesha mchana kutwa, kisha jua likatoka, na sasa lami inafuka mvuke. Tangu nitoke zamu nimefua, nimekunja nguo, nikazikunjua, nikazikunja tena. Chai imepoa mara mbili. Siwezi kutulia.

Acha niandike tu.

Kuna mama mmoja wodini kwetu, ninakofanya kazi ya uuguzi. Nimwite Bi Samira, ingawa si jina lake. Ni Mwiraki wa miaka hamsini na kitu, mwembamba kama ufito, anaishi na bintiye, Huda. Tezi yake ya shingoni imechoka, haitoi homoni ya kutosha, kwa hiyo anatakiwa kumeza kidonge kila asubuhi maisha yake yote. Mwaka huu amelazwa mara tatu. Anahisi baridi wakati sisi tunatokwa jasho, moyo unapiga polepole, damu imepungua. Kila tukimpima ni kana kwamba hajawahi kumeza hata kimoja. Daktari anaongeza dozi, mama anaenda nyumbani, anarudi.

Tunapokea Waarabu wengi, na ukikaa miaka kadhaa unaanza kuona mtindo: huyu sukari, yule tezi, mwingine tumbo. Mtindo unasaidia. Pia unakufanya mvivu. Bi Samira alikuwa anajaa gesi na kuharisha, sisi tukasema ni vyakula vyao na wasiwasi. Kuhusu kidonge, tukasema hamezi.

Na mimi ndiye niliyeandika. Alipolazwa mara ya kwanza nilijaza kwenye faili lake kwamba mgonjwa hafuati maelekezo ya dawa. Sikumuuliza. Nilisoma namba, nikaandika, nikaenda kula.

Jumatatu hii nilimpigia simu mkalimani, nikaweka spika, nikaanza mahubiri yangu ya kawaida kuhusu umuhimu wa dawa. Bi Samira alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema jambo kwa sauti ya chini, akinitazama mimi wala si simu.

Mkalimani akatafsiri kwa upole, "Mgonjwa anasema anatumia dawa zake vizuri."

Sivyo alivyosema. Nililisikia neno lenyewe: kadhaba. Mimi ni Mkristo, Kiarabu sikijui, lakini nimezaliwa Kisauni, Mombasa, na mama wa jirani akikukamata na uongo alikuita kidhabu. Bi Samira alikuwa ameniambia kwamba yeye si mwongo.

Nikavuta kiti nikakaa.

"Samahani, mama. Hebu niambie unavyoimeza, tangu unapoamka."

Alfajiri, kabla ya kula chochote, kwa maji matupu, kisha anasubiri saa nzima ndipo anywe chai. Sina mgonjwa anayemeza vizuri kuliko hivyo. Huda, aliyekaa kando ya kitanda, alikuwa ameinamisha kichwa. Nikauliza kuhusu tumbo. Linamsumbua tangu usichana, hasa akila mkate, na mkate anakula kila siku. Nikauliza kama kuna mwingine kwao mwenye shida hiyo.

"Dada yangu. Daktari kule Basra alimkataza ngano."

"Mbona hukutuambia?"

"Hamkuniuliza."

Nilimkimbilia daktari. Alifungua mdomo kunijibu haraka, akaufunga, akarudi kuangalia uzito wa mama na ile damu pungufu. Akaagiza kipimo cha damu cha ugonjwa wa ngano siku hiyo hiyo. Majibu yalikuja jana, yako juu mno, na leo asubuhi amepitishiwa kamera ya tumboni. Utumbo wake umechubuliwa na ngano miaka mingi, vile vinyweleo vya kufyonza chakula vimelala. Bado tunangoja maabara, lakini daktari hana shaka. Kidonge kilikuwa kinashuka, na mwili haukipati.

Alikuwa anameza. Kila asubuhi, alikuwa anameza.

Mchana nilienda kumwomba radhi kupitia mkalimani. Sikuzunguka, nilisema ni mimi niliyeandika vile. Huda ndiye aliyewaka, kwa Kiingereza ili mama yake asielewe.

"Nilikuwa nahesabu vidonge vyake kwa siri," alisema. "Hesabu ilitimia kila mara, na bado nilidhani anavimwaga chooni. Nilimwamini nani? Niliwaamini ninyi."



Baadaye mama alinishika mkono akauliza, Huda akitafsiri, kama wali unaruhusiwa. Nikasema unaruhusiwa, ale ashibe. Akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue.

Nilitaka kicheko kile kinitulize. Hakikunituliza, kwa sababu si yeye peke yake niliyemwandikia maneno yale. Kulikuwa na mama wa Kisudani mwenye sukari. Kulikuwa na dereva wa lori kutoka Yemeni. Wengine sikumbuki hata sura zao. Wako wapi leo, na nani anawahesabia vidonge?

Kesho asubuhi, tukipokezana wagonjwa, nitawaambia wenzangu nilichoandika na nilivyokosea, kisha nitalisahihisha faili kwa jina langu. Halafu nitaingia chumba cha mwisho, kwa mzee ambaye wodi nzima tumekubaliana kwamba ni mkaidi, nimuulize siku yake inavyoanza.

Naogopa atakachonijibu.